Haki ya Fundi na Udongo Mweusi wa Ua Wetu



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Wapenzi wasomaji, dada zangu wa darsa ya Alhamisi wameniomba niandike kuhusu njia ya gari ya nyumba yetu, ile ya kabro kutoka getini mpaka barazani. Wengi wao wanajenga Kitengela, Syokimau na Athi River, na udongo wa huko ni ule ule mweusi unaotusumbua sisi. Nitaeleza kazi ilivyofanywa, vipimo na vifaa, ili mwenye kutaka afaidike. Lakini kisa hiki kina upande wa pili ambao singependa kuuandika, nao ni haki ya mtu niliyoizuia. Baba yangu ameniambia nikiandika upande mmoja na kuuficha wa pili, basi ni bora nisiandike kabisa. Kwa hiyo naandika yote mawili.

TULIKOTOKA

Baba yangu ni Mbajuni wa kisiwa cha Chula, kusini ya Kismayo. Marehemu mama yangu, Allah amrehemu, alikuwa Mbajuni wa Kizingitini, upande wa Kenya. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, na mpaka umepita katikati. Mpaka mwaka 1925 Jubaland yote, pamoja na Kismayo, ilikuwa chini ya Waingereza sawa na Kenya, ndipo wakawapa Wataliano. Wazee wetu waliendelea kusafiri na majahazi yao kama kawaida, huku harusi, huku matanga.

Baba alijifunza uashi akiwa barobaro. Kwao visiwani, nyumba ya mawe na msikiti hukaa juu ya mwamba. Ukichimba kidogo tu unagonga jiwe. Mawe yanatoka hapo hapo, na chokaa inatoka baharini: matumbawe hupangwa juu ya tanuu la magogo, yakachomwa usiku kucha, kisha yale mawe yaliyoiva huachwa yapate maji na umande mpaka yalainike yawe unga mweupe. Majengo yote ya zamani ya pwani yetu, kuanzia huko mpaka Lamu, Gede na Kilwa, yalishikwa na chokaa ya namna hiyo. Ni kazi ya subira. Baba husema mwenye haraka hakuitwa kwenye tanuu.

Baadaye alifanya kazi Kismayo mjini, na mara nyingine alikwenda bara, upande wa Jamaame kando ya mto Juba, ambako kulikuwa na mashamba makubwa ya ndizi zilizosafirishwa kupitia bandari ya Kismayo. Huko ndiko alikoujua udongo mweusi kwa mara ya kwanza. Anasema walijenga ghala wakati wa kiangazi, likapendeza, na baada ya mvua moja ukuta ukapasuka kutoka juu mpaka chini kama nguo iliyochanwa. Mzee mmoja wa kazi akawafundisha: udongo huu usiuamini, uchimbe uutoe, ujaze kifusi cha mawe na chokaa, kisha ndio ujenge.

Ilipofika 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, na Wabajuni, ambao hawakuwa na silaha wala kabila kubwa la kuwalinda, wakaporwa majumba na vyombo vyao. Baba alitupakia kwenye jahazi, mimi nikiwa mtoto mdogo, tukashukia Mombasa. Wenzetu wengi waliishi kambi ya Jomvu. Sisi tulipokewa na ndugu za mama. Mengine ya miaka ile nayaacha, kwani si mada ya leo. Ninachotaka mjue ni kwamba mzee anayekaa nyumbani kwangu leo alikuwa mwashi aliyejenga nyumba yake mwenyewe mara moja katika maisha yake, na akaiacha na mlango wazi.

NILIVYOJIDANGANYA

Mume wangu anafanya kazi Ghuba. Nyumba yetu ya Kitengela tuliijenga kidogo kidogo, na mwaka 2023 Alhamdulillah tukahamia, pamoja na Baba. Kilichobaki kilikuwa njia ya gari, mita 12 kwa mita 3 na nusu, yaani mita za mraba 42. Bila njia hiyo, mvua ikinyesha, matope meusi yanakwama viatuni mpaka unahisi umevaa mawe. Baba alitaka kwenda msikitini kila alfajiri, na msikiti uko mwendo wa dakika tano.

Nilimpata fundi kijana, mtu wa Machakos, si Muislamu, mwenye sifa nzuri. Alikuja na sururu, akachimba shimo la majaribio karibu na geti. Udongo mweusi ulikwenda chini, chini, mpaka zaidi ya mita moja. Akanitazama akasema, "Mama, hapa lazima tuchimbe angalau sentimita 60, tubebe huu udongo wote, tulete maramu na kokoto, tushindilie tabaka kwa tabaka. Ukitaka mimi niweke kabro juu juu, itapendeza mpaka mvua ije."

Akanipa hesabu: shilingi 190,000. Mimi nilikuwa na 100,000. Nikamwambia achimbe sentimita 20 tu. Akakataa. Nikamwambia nitatafuta mwingine. Akafikiri, akakubali, lakini akasema mbele ya Baba, "Mama, nimekwambia." Tukaandikiana 95,000, kazi pamoja na vifaa. Nikamlipa 60,000 mwanzo, na 35,000 zikabaki za kumaliza.

Baba aliuliza swali moja tu: "Mtatia chokaa chini?" Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni mambo ya zamani, siku hizi kuna mashine." Akanyamaza. Ndugu zangu, mzee akinyamaza si kwamba amekubali.

Kazi ikaisha mwezi wa Septemba. Ilipendeza kweli. Majirani walikuja kuuliza bei. Nikamwambia fundi nitamlipa baki mwisho wa mwezi, mume wangu akituma pesa.

Mwezi wa Oktoba mvua za El Nino zikaanza. Mnakumbuka mvua zile za 2023, huku kwetu na kule Somalia, jinsi mito ilivyovunja kingo. Katika wiki ya tatu njia yetu ilianza kuinuka. Pembeni zikapanda, katikati pakabaki, kukawa na mawimbi. Karibu na barazani, ambako bomba la mvua la paa lilimwaga maji, kabro zikazama kama zimekaliwa na ng'ombe. Nikampigia fundi simu kwa hasira nikamwambia kazi yake ni mbovu na sitamlipa senti. Akajaribu kunieleza, nikakata simu. Akapiga tena mara nyingi, sikushika.

Mwezi wa Novemba, alfajiri moja kabla ya adhana, Baba alitoka peke yake na fimbo yake. Mguu ukaingia kwenye kabro iliyoinuka. Nilisikia fimbo ikianguka kabla ya kumsikia yeye. Alivunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, na Alhamdulillah amepona kwa kiasi, lakini tangu siku ile hatembei hatua nyingi bila kushikwa, na safari ya msikitini ni kwa kiti cha magurudumu.

Nikiwa hospitalini nilimlaumu fundi kwa kila aliyekuja kutuona. Nilisema amemvunja baba yangu. Watu walinihurumia. Hakuna aliyeniuliza ni nani aliyechagua sentimita 20.

HESABU YA ZAKA

Ramadhani ya 2024 iliingia mwezi wa Machi. Mimi huandika hesabu ya zaka kwenye daftari: fedha nilizonazo, dhahabu, biashara yangu ndogo ya nguo, na madeni. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake akisikiliza nikisoma kwa sauti, kama kawaida yake. Nilipomaliza akauliza, "Na haki ya fundi umeiweka wapi?"

Nikasema, "Baba, yule aliharibu kazi."

Akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwepo. Alikwambia sentimita ngapi?"

Sikuweza kujibu. Akaendelea kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kama angenigombeza: "Mimi nyonga yangu ni qadari ya Mwenyezi Mungu, nimeshamsamehe kila mtu. Lakini ile pesa si yangu kuisamehe, wala si yako kuikaa nayo."

Ndugu zangu, sote tumesoma hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Nimeifundisha hadithi hiyo kwa watoto wa madrasa kwa mkono wangu. Na haikusemwa humo kwamba mfanyakazi awe Muislamu. Nilikuwa nafunga mchana na nalala na 35,000 za mtu, na juu yake nimemvunjia jina lake.

Nilitaka kumtumia pesa kwa M-Pesa na kuandika ujumbe wa kuomba radhi. Baba akasema hapana, aliyetukanwa kwa mdomo huombwa radhi kwa mdomo. Nilimtafuta siku mbili nikamkuta Mlolongo, anapanga kabro kwenye ua wa mtu. Aliponiona alisimama, akafuta mikono, akanisalimia kama kwamba hakuna lililotokea. Nikampa pesa zake. Akazihesabu, akanishukuru. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Mama, ni sawa." Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau: kwamba lile lori la maramu alilichukua kwa mkopo, na vijana wake wawili walikuwa wanamdai, kwa hiyo mwezi ule wa Novemba aliuza mashine yake ya kushindilia. Tangu hapo anakodi ya watu kila siku anapopata kazi.

Nilirudi nyumbani nimelipa deni na bado nina deni. Pesa nilizomzuilia zilikuwa 35,000, lakini mashine ilikuwa imekwenda, na kazi alizokosa kwa sababu ya maneno yangu mtaani sijui ni ngapi. Nilikwenda kwa wale majirani, nyumba kwa nyumba, nikawaambia ukweli. Ilikuwa aibu, lakini aibu ya dunia ni nyepesi.

KUMBE UDONGO UNAFANYA NINI?

Sasa niwaeleze upande wa udongo, kwani wanafunzi wetu watafaidika.

Udongo mweusi, ambao Kenya tunauita "black cotton" kwa jina lililotoka India kwenye mashamba ya pamba, wataalamu huuita vertisoli, kwa neno la Kilatini lenye maana ya kugeuka, kwa sababu hujigeuza wenyewe. Wakati wa jua hupasuka nyufa ndefu, udongo wa juu huangukia ndani ya nyufa, na mvua ikija unavimba na kusukumana mpaka wa chini unapanda juu. Ndio ulio tambarare za Kitengela na Athi, sehemu nyingi za Nairobi, mashamba ya mpunga ya Mwea, na mabonde ya Juba na Shabelle kule kwetu.

Siri yake iko katika chembe zake. Ni vijani vyembamba sana vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Maji huingia kati ya kurasa, kitabu kinanenepa. Maji yakitoka, kitabu kinakonda. Tatizo kubwa si kuvimba tu, ni kuvimba kusiko sawa. Chini ya kabro, katikati, unyevu hubaki karibu sawa mwaka mzima. Pembeni, mvua huingia na jua huchoma. Kwa hiyo pembeni hupanda na kushuka, katikati hutulia. Ndio yale mawimbi yetu. Na pale bomba la paa lilipomwaga maji, udongo ulilainika kama uji, kabro zikazama.

Kosa lingine: lile shimo la sentimita 20 lilikuwa beseni. Maramu hupitisha maji, udongo ule chini yake haupitishi. Maji yaliingia kati ya kabro yakakaa humo, hayana pa kutokea, yakiulisha udongo siku baada ya siku.

Fanyeni jaribio hili na watoto. Chukueni udongo wa kiwanja, ukausheni juani, uutwangeni uwe unga. Tieni kwenye gilasi kimo cha vidole viwili, muweke alama kwa kalamu. Jazeni maji, koroga, muache mpaka kesho. Mchanga wa pwani utabaki kwenye alama. Udongo wa Kitengela, kwetu sisi, ulipanda karibu mara mbili. Mwanangu wa darasa la sita aliutazama akasema, "Kumbe ulikuwa unatuambia."

KAZI YA PILI

Mwezi wa Agosti 2024, wakati wa ukavu, nilimwomba fundi yule yule arudi. Alikubali. Safari hii sikupunguza hata sentimita moja, na tulitumia muda kuweka akiba. Heri ya kabro ni kwamba si kama zege: unazing'oa, unazisugua, unazirudisha. Katika mita ya mraba moja huingia kabro 50 za sentimita 20 kwa 10, kwa hiyo tulikuwa nazo 2,100, na zilizovunjika hazikufika 100.

Tulichimba sentimita 60. Hiyo ni zaidi ya mita 25 za ujazo za udongo, na wote ulibebwa na lori, haukuachwa pembeni. Fundi akausawazisha udongo wa chini kwa mteremko, ili maji yakifika huko yaelekee upande mmoja.

Ndipo akasema, "Sasa tunahitaji chokaa." Nikageuka kumtazama Baba, aliyekuwa kwenye kiti chake kivulini. Hakusema kitu. Alitabasamu tu.

Fundi alieleza kwamba wajenzi wa barabara hufanya hivyo chini ya lami. Chokaa ikichanganywa na udongo mweusi, hubadilisha tabia ya vile vijani, visinywe maji kama kwanza, na baada ya wiki kadhaa huanza kugandamana. Tulichanganya tabaka la chini la sentimita 15 kwa mifuko 16 ya kilo 25, karibu asilimia 5 ya uzito wa udongo. Kwa kazi kubwa ni bora kupeleka udongo maabara wapime kiasi kinachofaa. Jihadharini: iwe chokaa ya ujenzi iliyochomwa, si ile ya mashambani ambayo ni jiwe lililosagwa tu. Nayo inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima, na watoto wawe mbali.

Baba aliomba apewe kidogo kiganjani. Fundi akamwambia, "Mzee, itakuchoma." Baba akamjibu kwamba alikuwa akiichoma yeye kabla baba yake fundi hajazaliwa. Walicheka wote wawili. Baada ya hapo, siku zote za kazi, fundi alikuwa akimwita "mwalimu", na kila tabaka likimalizika alikuja kumwuliza kabla ya kuendelea.

Juu ya chokaa tuliweka maramu matabaka matatu ya sentimita 12. Kila tabaka lilinyunyiziwa maji kiasi, likashindiliwa mpaka sururu inaruka. Juu yake kokoto zilizosagwa sentimita 15, nazo zikashindiliwa. Kisha vumbi la kwari sentimita 3, si zaidi, kwani likiwa nene kabro hucheza. Kabro zetu ni za sentimita 6, zinazotosha gari dogo. Kwa malori zinatakiwa za 8. Tulizipanga kwa mtindo wa mifupa ya samaki, ambao hufungana pande zote, tairi ikikata kona hazisogei. Kwa Wabajuni mtindo huo hauhitaji mchoro! Mwisho mchanga mkavu laini ukafagiliwa kwenye mianya.

Pembeni tuliweka kingo za zege zilizosimama kwenye msingi wake, na nyuma ya kingo nailoni nzito iliyoshuka wima mpaka chini ya shimo, ili unyevu wa bustani usiingie. Mteremko wa juu ni sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mtaro. Chini kabisa, upande wa geti, tuliweka bomba lenye matundu la kutoa maji yaliyoingia. Na mwarobaini mdogo nilioupanda karibu na njia niliuhamisha, kwa sababu mizizi hunyonya maji na kuukausha udongo upande mmoja.

Maji ya paa tuliyaelekeza kwenye tangi la lita 5,000. Nilifikiri kwanza kuyatoa nje ya ukuta yaende zake, lakini upande huo ni kwa jirani, na naye ana udongo ule ule. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Maji ya tangi sasa tunatawadhia, na yanayozidi huenda kwenye mtaro wa barabara.

Gharama ilipanda kupita zile 190,000 nilizozikataa, maana mara ya pili unalipia pia kubomoa. Kazi ya mikono nilimlipa fundi kila Ijumaa jioni, kabla ya vijana hawajabadilisha nguo. Mume wangu alipoambiwa habari ya ile mashine, alisema tumkopeshe fundi fedha za kununua nyingine, bila riba, alipe akiweza. Fundi alikubali kwa sharti tuandikishane. Mpaka ninapoandika haya amelipa zaidi ya nusu, na hajawahi kuchelewa. Mimi nilimchelewesha miezi sita.

KWA UFUPI, KWA MWENYE KUTAKA KUJENGA

1. Chimbeni shimo la majaribio kabla ya kuandikiana bei. Mkikuta udongo mweusi, mjue pesa nyingi zitakwenda chini, pasipoonekana.

2. Kama fedha hazitoshi, subirini, au fanyeni njia fupi zaidi iliyo sawasawa. Msipunguze kina.

3. Fanyeni kazi wakati wa ukavu, na mpange maji yatakwenda wapi kabla ya kuchagua rangi ya kabro.

4. Maji yenu yasimwendee jirani.

5. Andikianeni na fundi, kama tulivyoamrishwa kuandikiana madeni. Andikeni pia ushauri alioutoa mkaukataa, ili siku ya lawama kila mtu asome.

6. Mlipeni fundi siku yake.

Katika Surat at-Tawba, aya ya 109, Mwenyezi Mungu anapiga mfano wa aliyeweka msingi wa jengo lake kwenye ukingo unaomomonyoka, likaporomoka naye. Najua aya hiyo ilishuka kuhusu msikiti wa wanafiki, si kuhusu njia ya gari. Lakini siku zile nikiisoma naona ua wangu. Nilikuwa na kabro nzuri juu, na chini nilikuwa na ubakhili na ulimi wangu.

Njia imepita mvua kadhaa sasa, na haijainuka. Sisemi haitainuka kamwe, kwani udongo ule bado uko chini yetu na mwenye kuujua ni Aliyeuumba. Kila alfajiri mwanangu humsukuma babu yake kwenda msikitini. Nikiwa kwenye mswala nasikia magurudumu yakipita juu ya kabro, sauti moja, mpaka getini. Pale karibu na baraza, alipoangukia, Baba humwambia kijana asimame kidogo. Sijui husema nini hapo. Sijamuuliza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe haki za waja wake tulizozila kwa kujua na kwa kutojua, atupe ujasiri wa kuzirudisha tukiwa hai, awape wazee wetu afya na husnul khatima, na awarudishe kwa amani waliotawanyika kutoka visiwani na Kismayo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.